Picha ya Nafsi na Mkono Unaoihariri: Kutoka Bayard hadi Muholi

Katika mijadala yetu kuna kauli moja inayorudiwa mno hata imekaribia kuwa methali: eti picha ilikuwa ikisema kweli mpaka kompyuta ilipokuja kuifundisha uongo. Wanaosema hivyo huelekeza kidole hasa kwenye picha za nafsi, yaani zile ambazo mtu hujipiga mwenyewe kisha akazihariri: akalainisha ngozi, akabadili rangi ya anga iliyo nyuma yake, akajiongezea nuru usoni. Huo, wanasema, ni ulimbwende tu, na mhakiki makini hana la kufanya hapo. Makala haya yanapinga kauli hiyo kwa kuitazama historia. Tunakusudia kuonyesha kwamba picha ya nafsi ilizaliwa ikiwa tayari imehaririwa, na kwamba uhariri huo ulikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Kilichobadilika ni kitu kingine, na kwa maoni yetu ni kizito zaidi. Uamuzi wa kwamba uso sahihi ni upi umetoka mkononi mwa mtu ukaingia ndani ya chombo, na mara nyingi chombo chenyewe kilipimwa kwa uso wa mtu mwingine.

Kwanza tuweke sawa suala la ukweli, maana ndilo linalowapotosha wengi. Mwanafunzi wa fasihi huonywa mapema asimchanganye mwandishi na msimulizi. Tunaposoma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, hatuendi kumdai marehemu Shaaban Robert hesabu ya kila siku aliyoishi. Tunakubali kwamba amechagua, amepanga, ameacha mengine. Na “mimi” anayezungumza humo ni mhusika aliyeundwa kwa maneno, hata kama ana jina la mwandishi. Hakuna anayesema kwamba tawasifu ni uongo kwa sababu imehaririwa. Lakini tukionyeshwa picha, somo lote hilo tunalisahau. Tunageuka maofisa wa uhamiaji, tunashika pasipoti ya mtu na kumwambia ageuze uso kushoto na kulia.

Hebu tuanze pale mambo yalipoanzia, Ufaransa. Mwezi Januari 1839 Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaziwa uvumbuzi wa Louis Daguerre, na mwezi Agosti mwaka huohuo serikali ikautoa hadharani namna ulivyofanya kazi. Daguerre akapewa malipo ya kila mwaka kwa maisha yake yote. Kulikuwa na mtu mwingine, karani wa Wizara ya Fedha aliyeitwa Hippolyte Bayard, ambaye naye alikuwa amegundua njia yake mwenyewe ya kupata picha moja kwa moja juu ya karatasi. Njia hiyo haikupata sifa ile. Wakubwa walikwisha kuchagua mtu wao.

Bayard alijibu kwa picha. Oktoba 1840 alijipiga akiwa ameketi, kifua wazi, kitambaa kimemfunika kuanzia kiunoni, macho yamefumbwa, mikono imelazwa mbele yake. Ni maiti. Nyuma ya karatasi aliandika maelezo, kana kwamba mwandishi ni mtu mwingine, kwamba huyu mnayemwona ni Bwana Bayard, mvumbuzi. Kwamba serikali iliyompa Daguerre mengi ilisema haina la kumfanyia Bayard, na maskini yule akajitosa majini. Maelezo yanaongeza kejeli moja chungu: watazamaji wanatahadharishwa kuhusu harufu, kwa kuwa uso na mikono ya marehemu, kama wanavyoona, imeanza kuoza. Ukitazama picha ni kweli uso na mikono ni myeusi kuliko kifua. Lakini weusi ule ni wa jua tu, jua lililomchoma mahali ambapo nguo hazikufunika, na karatasi yake ikauzidisha. Mzee mwenyewe aliishi mpaka 1887.

Tunapenda kukaa hapa kidogo, kwa sababu picha hii imetuzwa sana kama kichekesho na haijasomwa inavyostahili. Tazama fani yake. Ina mhusika (maiti), ina msimulizi (aliyeandika nyuma), na ina mwandishi aliyejificha nyuma ya wote wawili, huyu karani aliye hai na mwenye hasira. Anachokifanya msimulizi ni kuhariri kwa maneno. Kasoro ya kikemikali, yaani ngozi iliyotoka nyeusi, anaipa maana nyingine, naye mtazamaji anaona anachoambiwa aone. Na hatari iliyopo si ndogo. Mtu aliyefutwa katika historia ya chombo anakitumia chombo hichohicho kuthibitisha kwamba amefutwa. Eti wapo wanaosema picha ya nafsi haina maudhui!

Yapo mengine ya zama hizo ambayo tunayapitia haraka. Robert Cornelius wa Philadelphia alijipiga mwishoni mwa 1839, na picha yake ni miongoni mwa picha za nafsi za kale kabisa zilizobaki. Yeye hakuigiza kifo wala nini, nywele zake hata hazikuchanwa vizuri. Oscar Rejlander, Mswidi aliyefanya kazi Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 kupata picha moja mwaka 1857, na baadaye, karibu 1871, akajitengenezea picha ambamo Rejlander msanii anamtambulisha Rejlander askari wa kujitolea. Watu wawili, mtu mmoja, karatasi moja. Kwa hiyo hicho wanachokiita “maajabu ya kompyuta” kilikuwa kimezeeka kabla babu zetu hawajazaliwa.

Sasa tuje Afrika. Kamera ilifika huku, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa watawala, wamisionari na wafanyabiashara, na Mwafrika alipigwa ili awe mfano wa kabila au wa kazi fulani, jina lake likiachwa. Ilikuwa studio, hasa studio za mjini, iliyompa mtu nafasi ya kuagiza uso wake. Wazazi wetu wanazikumbuka: pazia lililochorwa bustani au ndege, maua ya plastiki, tai na koti la kuazima lililotundikwa ukutani kwa ajili ya wateja. Fundi alikuwa na kalamu ya risasi iliyochongwa kwelikweli ya kugusia negativu, akafuta kovu hapa, akapunguza mkunjo pale. Wengine walizipaka picha rangi kwa mkono. Huko Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993) alikwenda mbali zaidi ya hapo. Alikata na kubandika, akaunganisha picha za wateja wake na vitu ambavyo havikuwapo mbele ya kamera, na studio yake ikatoa kazi ambazo leo zinaonyeshwa na kujadiliwa na wataalamu wa Ulaya kama sanaa. Mteja wa Bakor hakudanganywa, wala jirani yake. Kila mtu wa Lamu alijua kwamba ile picha imeundwa, na ndicho kilichowafanya waipende na kuilipia. Ni kama msikilizaji wa ngano anavyojua kwamba sungura hasemi.

Mfano mkubwa kuliko yote kwa suala letu ni Samuel Fosso. Alizaliwa Kumba, Kameruni, mwaka 1962, akalelewa Nigeria kwa babu na bibi yake katika nchi ya Waibo, na vita vya Biafra (1967–1970) vikamkuta huko akiwa mtoto. Alikuwa amezaliwa na ulemavu wa kupooza. Katika mazingira yake ilikuwa desturi mtoto mchanga apigwe picha, lakini yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, hakupigwa, kwa sababu ya hali ile. Mwaka 1972 akaenda kwa mjomba wake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, akafungua studio yake. Mchana alipiga wateja, picha za pasipoti na za harusi. Filamu ilipobakiwa na nafasi chache mwishoni, badala ya kuziacha zipotee, alijipiga mwenyewe usiku, naye alizipeleka baadhi ya picha hizo kwa bibi yake Nigeria ili ajue kwamba mjukuu yu mzima.

Msomaji atazame vizuri picha hizo za miaka ya 1970. Kijana mwembamba, suruali pana ya bugaluu, miwani mikubwa, viatu vyenye soli ndefu, mapazia ya studio nyuma yake. Ameigiza wanamuziki aliowaona kwenye magazeti. Sisi tunazisoma hizo kama barua, kwa kuwa zilikuwa barua kweli, tena za mtoto ambaye picha yake ya kwanza haikupigwa kabisa. Tangazo la studio yake liliwaahidi wateja kwamba watatoka wazuri, maridadi, na tena rahisi kutambulika. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Fosso wa miaka 13 alikuwa ameshaelewa masharti ya kazi hii: mpambe mtu upendavyo, lakini mama yake amjue.

Ulimwengu wa maonyesho ulimfahamu mwaka 1994, katika maonyesho ya kwanza ya upigaji picha ya Bamako, Mali. Baadaye akatoa mfululizo wa rangi kwa ajili ya duka la Tati la Paris (1997), na mwaka 2008 ule uitwao African Spirits, ambamo anajivika sura za Nkrumah, Lumumba, Malcolm X, Angela Davis na wengine. Wahakiki wengi huusifu huu wa mwisho kuliko yote. Sisi hatukubaliani nao. Ni kazi safi ya fundi aliyekomaa, lakini humo Fosso anajihariri kuwaelekea watu ambao sura zao tayari tunazo ukutani. Mvulana wa Bangui alijihariri kuelekea mtu ambaye bado hayupo, na hilo ni gumu zaidi.

Mpaka hapa uhariri wote tuliouona umeshikwa na mkono wa mtu: kalamu ya Bayard, mkasi wa Bakor, pazia la Fosso. Tugeukie chombo chenyewe. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu. Mmoja wa wanawake wa mwanzo waliopigwa kwa kadi hiyo aliitwa Shirley, na jina hilo likabaki kwa kadi zote. Fundi alirekebisha mashine yake mpaka ngozi ya Shirley ionekane sawa. Ngozi ya Shirley ikiwa sawa, basi kila kitu kimekuwa sawa. Matokeo yake, mtu mweusi akipigwa pamoja na weupe alitoka macho na meno, sura imezama. Filamu zilianza kuboreshwa, na moja ya sababu zilizotajwa na wafanyakazi wa zamani wa kampuni ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao hudhurungi zao hazikutofautiana kwenye matangazo. Yaani kabati lilisikilizwa! Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990 tu.

Tukumbuke basi kwamba mtu aliyekuwa akipigwa picha “halisi”, isiyoguswa, katika miaka hiyo yote alikuwa ameshahaririwa na Shirley kabla ya kusimama mbele ya kamera. Anayesema picha ilikuwa ya kweli kabla ya kompyuta inampasa atuambie ilikuwa ya kweli kwa nani.

Kompyuta ilikuja hivi. Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika programu ya kuonyesha picha kwenye kioo cha kompyuta yake. Ndugu yake John, aliyefanya kazi katika kampuni ya athari za filamu, akaona faida yake, nao wakaikuza pamoja. Kampuni ya Adobe iliitoa rasmi kwa jina la Photoshop Februari 1990. Ili kuwaonyesha watu uwezo wake, John alitumia picha aliyompiga mchumba wake akiwa ameketi ufukweni Bora Bora, anatazama bahari. Mbele ya watazamaji akamnakili, wakawa wawili. Tunaona hapa tena kama kwa Shirley: picha ya majaribio ni ya mwanamke mmoja, mwanga mmoja, ngozi moja. Mwaka 1994 programu ikapata matabaka, na hili ni badiliko kubwa kwa fani. Mhariri sasa anaweza kuweka kila badiliko kwenye tabaka lake, kama karatasi nyembamba juu ya karatasi, akalifunua au kulifunika, na picha ya awali ikabaki chini haijaguswa. Wale wetu waliowahi kuona mswada wa mshairi wenye maneno yaliyokatwa na mengine juu yake wataelewa mara moja.

Mwaka huohuo wa 1994 kilitokea kisa ambacho kinatusaidia sana. O. J. Simpson, mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, alikamatwa kwa tuhuma za mauaji. Polisi wa Los Angeles walimpiga picha, na gazeti la Newsweek likaiweka kwenye jalada kama ilivyo. Gazeti la Time, toleo la tarehe 27 Juni, likaiweka picha ileile, ila msanii wake alikuwa ameitia giza: ngozi nyeusi zaidi, kingo zimefifia. Yakiwekwa pamoja mezani, magazeti haya mawili yaliwafanya Wamarekani weusi wapige kelele, na kwa haki. Kumfanya mtu mweusi zaidi kulionekana kumfanya wa kutisha zaidi. Hakuna hata neno moja la hukumu lililoandikwa, lakini hukumu ilikwisha kusomwa.

Ndipo tunapofika kwa Zanele Muholi, aliyezaliwa Umlazi, Durban, mwaka 1972, na kusoma upigaji picha katika Market Photo Workshop, Johannesburg. (Kwa Kiingereza Muholi hutaka atajwe kwa kiwakilishi kisicho cha kike wala cha kiume. Waandishi wa huko wanahangaika. Kiswahili chetu kina “a-” na mambo yanaendelea.) Alijulikana kwanza kwa kuwapiga picha wasagaji weusi na watu wengine wa Afrika Kusini waliotengwa kwa ajili ya mapenzi yao au jinsia yao. Mwaka 2012 alianza kujigeuzia kamera mwenyewe, katika mfululizo wa picha nyeusi na nyeupe kwa jina la Kizulu Somnyama Ngonyama, maana yake, kwa kukaribia, salamu kwako simba jike mweusi.

Katika picha hizi Muholi, wakati wa kuhariri, huongeza tofauti kati ya mwanga na giza mpaka ngozi yake inakuwa nyeusi kuliko ilivyo. Kitendo ni kilekile cha Time. Lakini matokeo? Macho yanatoka kwenye weusi ule yakikutazama wewe, na weusi wenyewe una vina na mng’ao. Haumfichi mtu. Uhalifu uliokuwa katika jalada la 1994 haumo, kwa sababu aliyefanya uamuzi ni mwenye ngozi. Katika picha iitwayo Bester I, aliyoipiga Mayotte mwaka 2015, amejipamba kwa vibanio vya nguo, vimebanwa kwenye nywele na kuning’inia masikioni kama hereni. Bester ni jina la mama yake, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa familia ya wazungu kwa zaidi ya miaka 40. Kwingine taji lake ni stilwaya za kusugulia sufuria. Kwingine tena ana kofia ya mchimba madini, kuwakumbuka wachimbaji 34 waliouawa na polisi Marikana, Agosti 2012. Vyombo vya kazi vimekuwa vito, na hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye kompyuta. Kompyuta imetumika kwa jambo moja tu, kuipeleka ngozi upande ambao mashine haikutegwa kuupeleka.

Yupo atakayesema kwamba Muholi ni msanii wa majumba ya maonyesho na kazi zake hununuliwa na matajiri, hivyo hatufai sisi wenye simu za kawaida. Hoja hiyo ina nguvu kiasi. Fosso angalau alizituma picha kwa bibi. Hata hivyo swali analouliza Muholi linaingia moja kwa moja kwenye simu hizo za kawaida. Mwezi Aprili 2017 programu ya FaceApp ilikuwa na filta ya kumfanya mtu apendeze zaidi. Watu weusi waliojaribu waligundua kwamba kupendeza kwenyewe kulikuwa kuwa weupe: ngozi ilipaushwa. Wenye programu waliomba radhi na kueleza kwamba mashine ilijifunza hivyo kutokana na picha ilizofundishiwa. Shirley, basi, alikuwa ameajiriwa upya, safari hii bila kadi na bila jina, na fundi wa kumlaumu hayupo.

Hapa tofauti na Photoshop ya matabaka inadhihirika. Kuanzia 2015, Snapchat ilipotoa filta zinazofanya kazi papo hapo, mtu huweza kuiona sura iliyokwisha kurekebishwa kwenye kioo cha simu kabla hajabonyeza. Anajitazama, anajitengeneza nywele, anatabasamu, na anayetabasamu pale kiooni ameshalainishwa na kuchongwa pua. Akibonyeza, kinachohifadhiwa ni hicho. Bayard alikuwa na upande wa nyuma wa karatasi wa kuandikia. Bakor alikuwa na vipande vilivyobaki mezani baada ya mkasi. Katika Photoshop unaweza kufungua faili ukashuka tabaka baada ya tabaka mpaka chini. Mhakiki atakayetaka kuisoma picha ya namna hii ya simu, kama tunavyosoma mswada na kitabu kwa kulinganisha, hataupata mswada wa kwanza, kwa kuwa haukuandikwa.